Kazi ya Mghoi Nani Ataifanya?

Niliondoka kwa ajili ya binti yangu Mghoi. Nalisema hilo mwanzo kabisa, maana hapa Wundanyi kuna watu mpaka leo wanaeneza kwamba nilifuata dhahabu na manukato. Dhahabu gani, jamani! Nilikuwa mwalimu wa chekechea, wazazi wakinilipa kwa kabichi na ahadi. Mghoi alikuwa anaingia darasa la saba, akili zinachemka, na mimi nilishaapa kwamba huyu atakwenda sekondari ya bweni hata ikibidi niende kuosha vyoo vya watu ng'ambo ya bahari. Miaka ile mawakala walikuwa wakipita kila soko kutafuta wanawake wa kwenda Saudia. Walipofika Mwatate, nikajiandikisha.

Mume wangu hakunizuia. Yeye hupasua mawe kule bondeni, hutoka alfajiri hurudi jioni, na si mtu wa maneno mengi.

"Nenda, Mama Mghoi," aliniambia. "Miaka miwili si mingi. Sisi tupo."

Nilimwachia Mghoi sare mpya, viatu vikubwa kidogo vya kukua navyo, na daftari za mwaka mzima. Kitinda mimba wetu, Mwakio, ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kutembea. Mama mkwe alikuwa ameshatangulia mbele za haki, kwa hiyo ndani ya nyumba walibaki hao watatu tu.

Nairobi, uwanja wa ndege. Wakala alitupanga foleni kama watoto wa darasa langu, kila mmoja na bahasha yake kifuani. Wengine walilia. Mimi sikulia, nilikuwa na hasira ya kwenda, kama vile mtu anavyokaza meno akipanda mlima na gunia kichwani. Ndani ya ndege nilikaa nikikariri salamu za Kiarabu, ili madam wangu ajue amepata mtu.

Riyadh. Joto lilitupokea mlangoni mwa ndege. Tuliketishwa kwenye chumba cha wanawake tukisubiri kila mtu aitwe na kafili wake, yaani bosi anayekudhamini na kushika karatasi zako. Aliyeniita mimi alikuwa mhandisi mwenye mvi, amekuja na mkewe. Nikatoa Kiarabu changu chote kwa mkupuo mmoja. Wakanijibu kwa upole, halafu wakageukiana wakaanza kusema lugha nyingine ambayo hata yule askari wa mlangoni hakuifahamu. Nikasema moyoni, Wakesho, umekwisha.

Kumbe walikuwa Waarmenia. Watu wa Kikristo tangu kale, wazee wao walifukuzwa kwenye nchi yao wakatawanyika, na hawa wangu walizaliwa Lebanoni. Mhandisi alikuwa na kazi ya ujenzi Saudia. Mimi niliajiriwa kumtunza mama yake mzazi, bibi wa zaidi ya miaka themanini aliyevunjika nyonga. Nilimkuta kitini karibu na dirisha, mgongo umenyooka, macho makali.

"Kwenu ulifanya kazi gani?" aliniuliza kwa Kiingereza, kabla hata sijaweka mfuko chini.

"Mwalimu, bibi. Wa watoto wadogo."

"Basi usiniite bibi. Niite Oriort."

Nikaja kuambiwa kwamba ndivyo Waarmenia wanavyomwita mwalimu wa kike. Jina lake lilikuwa Araksi, lakini hata mkwewe alimwita Oriort, na hata mwanawe wakati mwingine akisahau. Nilimwogesha, nikamlisha, nikamfanyisha mazoezi ya mguu, naye akanisahihisha kila kitu: namna ninavyokunja shuka, Kiingereza changu, mpaka ninavyoshika kijiko. Wallahi kuna siku nilitamani nimwache bafuni. Nami sikuwa wa kunyamaza. Nilimwambia, "Oriort, mimi si darasa lako." Akacheka mpaka akakohoa, na tangu siku ile tukapatana.

Njiani kwenda Jeddah. Kazi ya mhandisi ilihamia Jeddah, nasi tukahama naye kwa gari. Dereva alikuwa Otieno, mtu wa Kisumu, Kiswahili chake cha Nairobi kabisa. Jangwa lilituchosha mpaka Taif, kisha barabara ikaanza kuteremka mlima kwa kona zilizonikumbusha kwetu. Pembeni walikaa nyani, wazee kwa watoto, wakingoja watu watupe chakula. Nilishangilia kama nimeona ndugu.

"Hawa nao wanahitaji ikama, kibali cha kukaa?" nilimuuliza Otieno.

"Hao ni wenyeji, mwalimu. Ni mimi na wewe tu wa karatasi."

Chini ya mlima tukafika penye kibao kikubwa: njia ya mbele, inayoelekea Makka, ni ya Waislamu peke yao. Otieno akakata kona kuchukua njia ya kuzunguka. Oriort aliona nikikitazama kile kibao.

"Umezoea kuzungushwa?" aliniuliza.

"Mimi ni mwanamke na ni mwalimu wa chekechea," nilimjibu. "Nimezoea sana." Akanipiga kofi la mapenzi kwenye goti.

Jeddah. Tulipanga nyumba mtaa wa Al-Nuzha. Nyumba ya jirani alifanya kazi Halima, mwanamke wa Majengo, Mombasa, na tulikutana penye mapipa ya taka kila jioni kama wezi wawili, tukipiga soga mpaka madam zetu watuite. Nyumbani Kenya nilipiga simu kila Ijumaa jioni, siku ambayo Oriort hukaa na mwanawe. Mghoi alikuwa akiniambia shule iko sawa, mtihani uko sawa, Mwakio yuko sawa. Nami nilikata simu nimeshiba.

Jumanne moja asubuhi Oriort alilala mapema baada ya dawa, nikapata upenyo. Nikapiga nikitaka tu kumsalimu mume wangu, maana siku nyingine simu huenda nayo kazini. Aliyepokea ni Mghoi. Nyuma yake nikasikia sufuria, na Mwakio analia.

"Mghoi, leo si Jumanne?"

"Ni Jumanne, mama."

"Shule imefungwa?"

"Haijafungwa."

"Basi mbona uko nyumbani?"

"Mwakio ana homa."

Alhamisi nikaiba muda tena. Mghoi akapokea tena, na Mwakio ana homa tena.

"Homa gani hii inayojua siku za shule? Mghoi, niambie ukweli."

"Nilikuwa nakwenda, mama. Baadaye nikawa nakwenda siku za mtihani tu. Sasa siendi."

"Mbona hukuniambia?"

"Baba alisema nikikuambia utarudi."

Nimevuka bahari ili mtoto asome, na kule kuvuka kwangu ndiko kulikomtoa shuleni. Jioni nikampigia mume wangu, nikambwatukia mpaka Oriort akaamka.

"Sasa unataka nifanyeje?" naye akanipandishia. "Mwakio nimfunge kwenye mti? Ng'ombe nimwambie ajikamue? Nikiacha mawe, tutakula nini? Hakuna aliyemkataza Mghoi shule, Mama Mghoi. Kazi tu ndizo zilizobaki."

Nikakata simu. Oriort aliniita chumbani, akataka nimweleze. Nilimweleza yote, nikilia bila aibu, nikimlaumu mume wangu kila neno la tatu.

"Alipokataa, alisemaje?" aliuliza.

"Hakukataa."

"Najua. Hawakatai." Akaniangalia sana. "Uliondoka na mikono yako miwili, Wakesho. Ulidhani na kazi imepanda ndege pamoja nawe?"

Maneno yale yaliniuma kuliko kofi.

Al-Balad. Mwisho wa wiki Oriort akataka apelekwe mji mkongwe, kule kwenye majumba ya mawe ya matumbawe na madirisha ya mbao. Otieno alisukuma kiti cha magurudumu, mimi nikitangulia kuomba njia kati ya wapagazi na mikokoteni yao. Tukapumzika kivulini, karibu na duka la viungo, na hapo ndipo aliponisimulia habari zake.

Alianza kufundisha akiwa binti mbichi, kwenye kambi ya wakimbizi wa Kiarmenia nje ya Beirut. Wavulana walikuwa na shule. Wasichana wakifika miaka kumi walikwenda kwenye viwanda vya mazulia, au walibaki kulea. Padri alihubiri, wazee wakatoa hotuba, kila mtu akasifu elimu ya mtoto wa kike. Araksi akazunguka nyumba hadi nyumba kuwaomba akina baba.

"Kila baba alikubali," alisema. "Na hakuna msichana hata mmoja aliyekuja. Nikarudi mara ya pili, wakakubali tena, wakanipa na kahawa. Mara ya tatu nikaacha kuzungumza na baba. Nikaingia jikoni kwa mama, nikauliza: huyu akija kwangu, kazi yake nani ataifanya?"

Kila jiko lilikuwa na jibu lake. Hapa ni mtoto mchanga, pale ni maji, kule ni bibi kipofu wa kushikwa mkono. Basi akaacha kuhubiri, akaanza kushughulika na kazi. Aliweka susu za watoto wachanga nyuma ya darasa, msichana aje na mdogo wake. Bibi kipofu akaletwa naye, akawa ndiye wa kuzibembeleza. Kuhusu maji alipigana na mwalimu mkuu wa wavulana mpaka wavulana wakaanza kuteka kabla ya kengele, kitu ambacho hakijapata kuonekana.

"Walinicheka, mwanangu! Walisema nimefungua soko la vichanga, si shule. Waliosoma pale watoto wakiwalilia mapajani ndio baadaye waliokuja kuwa wauguzi na walimu wa kambi ile."

"Kumbe hata Wazungu wana mambo hayo," Otieno akadakia.

"Mimi si Mzungu," Oriort akamkata. "Sukuma kiti."

Nilirudi Al-Nuzha nimeamua. Kwanza nilijaribu kwa mbali. Nilimpigia jirani yetu wa Wundanyi, Mama Shali, badala ya kumpigia mume wangu kelele, nikamuuliza kama anaweza kukaa na Mwakio mchana. Akakubali kwa moyo mmoja, na Mghoi akarudi shuleni, nami nikamwimbia Oriort nyimbo za kanisani huku nikimsugua mgongo. Lakini Mama Shali naye alikuwa mjamzito, akajifungua, akawa hawezi tena. Mghoi akarudi jikoni. Safari hii mwalimu mkuu alimtumia mume wangu ujumbe: Januari shule ikifunguliwa Mghoi asipoonekana siku ya kwanza, hatamwandikisha kwa mtihani wa darasa la nane. Hakuwa mtu mbaya. Alishamvumilia mno.

Basi ikawa hivyo. Kabla ya Januari lazima niwe nyumbani. Mkataba wangu ulikuwa haujaisha, na bila kafili kukubali na kukuandikia karatasi ya kutoka, Saudia hutoki. Wakenya wenzangu aliokaa nao Otieno kule mtaa wa Ruwais waliposikia, wakamtuma aniambie niache wazimu. Mtu huvumilia amalize mkataba, mafi, hakuna kurudi katikati. Nikamwambia Otieno awasalimie.

Sikwenda kwa mhandisi mikono mitupu. Nilitangulia kwa Halima, pale penye mapipa. Mkataba wake ulikuwa unaisha mwezi ule, lakini yeye hakutaka kurudi.

"Shoga, mie nimekuja huku nimekwenda Umra mara moja tu," aliniambia. "Nikirudi Majengo sasa, ntapata wapi tena nauli ya kuja Makka? Kafili wangu keshasema yuko radhi kunihamishia kwa mtu mwingine."

"Unaweza kumtunza bibi mkali?"

"Mama yangu mzazi ni mkali kuliko polisi. Nipeleke kwake."

Ndipo nikasimama sebuleni mbele ya mhandisi na madam.

"Baba, naomba kurudi kwetu. Binti yangu ameacha shule."

"Pole sana," alisema, na pole yake ilikuwa ya kweli. "Lakini mama yangu atatunzwa na nani?"

Nikamwambia. Halima, wa nyumba ya jirani, Kiarabu chake kizuri kuliko changu, kafili wake yuko tayari, nami nitakaa naye mpaka aijue kila dawa na kila mto. Madam akamtazama mumewe, kisha akasema mambo si mabaya. Mhandisi akasema yote yategemea mama mwenyewe.

Na mama mwenyewe akakataa. Alimwona Halima mara moja, akageuza uso dirishani. "Si huyu," akasema. Siku ile hakula. Kesho yake hakusema nami. Alinitazama nikimvisha soksi kama anayemtazama mwizi. Na mimi nilimpenda yule bibi, nisiseme uongo. Kidogo nilegee.

Lakini nikamkumbuka Mghoi na sufuria zake, nikavuta kigoda nikaketi miguuni pake.

"Oriort, kule kambini uliwauliza nini akina mama ulipotaka mabinti zao?"

Akavuta blanketi lake magotini.

"Oriort, mimi nakuuliza kama mwalimu kwa mwalimu."

"Niliwauliza kazi itafanywa na nani," alijibu bila kunitazama.

"Nawe ukawaonyesha nani ataifanya. Mimi pia nimekuonyesha. Halima yuko pale mlangoni. Sasa umebaki wewe kunikubalia, na usinikubalie kwa kahawa."

Akageuzia uso dirishani. Nilidhani ni hasira, kumbe analia.

"Miaka yote ile nilichukua wasichana kutoka kwenye nyumba za watu," alisema. "Sikuwahi kujua kule nyumbani panavyouma." Akajifuta kwa kiganja. Akamwita mwanawe kwa sauti ya darasani: "Mkatie tiketi. Na huyo mwingine aingie, asisimame pale kama nguzo."

Alimsahihisha Halima namna ya kukunja shuka kabla hajavuka kizingiti. Nami nikatoka nikajifungia bafuni nikalia vya kutosha.

Kurudi. Otieno alinipeleka uwanja wa ndege wa Jeddah. Oriort hakutaka kuniaga mlangoni, alisema nyonga inamuuma. Nairobi sikulala, nilipanda basi moja kwa moja hadi Voi, kisha matatu, na mume wangu akanipokea Mwatate. Alikuwa amekonda. Alibeba mfuko wangu akasema, "Mama Mghoi, mimi sikujua la kufanya." Nikamwambia najua, na kweli nilijua.

Watu waliokuja kunitazama walitafuta televisheni, hawakuiona. Wengine walisema nimetupa riziki. Wacha waseme. Mimi nimekwenda mpaka Riyadh na Jeddah kujifunza jambo ambalo lilikuwa jikoni kwangu: mtoto wa kike hazuiwi na mtu anayesema hapana, huzuiwa na kazi ambayo hakuna mwingine aliyekubali kuichukua. Anayetaka asome, na aanze kwa kuishika hiyo kazi kwa mikono yake.

Januari, siku ya kufungua shule. Nilipoamka Mghoi alikuwa ameshanitangulia jikoni, anakoroga uji. Nikamnyang'anya mwiko. "Kavae," nikamwambia. Alitoka amevaa sare iliyompanda magotini, mkoba mkononi, amesimama kama mgeni ambaye hajui mlango uko wapi. Mwakio alipomwona hivyo akaelewa. Akamrukia, akaing'ang'ania sketi yake kwa mikono miwili.

"Mama!" alipiga kelele. "Mama!"

Nikafurahi, nikainama kumchukua. Hakunitazama hata. Alikuwa anamwita dada yake.

Mghoi aliganda. "Labda niende kesho," alisema taratibu. "Amenizoea mimi."

"Leo."

Nilimbandua Mwakio kidole kimoja kimoja. Aliniuma mkono, akanipiga mateke ya kifua. Mghoi akaanza kuteremka, akigeuka kila hatua, machozi yanamtoka.

"Usigeuke!" nilimpigia kelele. "Nenda, Mghoi! Nenda!"

Uji ukamwagikia moto. Kengele ikalia kule bondeni, na Mwakio bado alikuwa anamwita mama yake arudi, na mimi nimemshika.